Sahani ya Mzee Mbuvi

Tangu azikwe mume wake Ndululu, Syokau alikuwa anakula kama mtu anayetia kuni jikoni: anatia kwa sababu saa ya kutia imefika. Wali, ugali, mahindi na kunde, chai, vyote vilikuwa kitu kimoja mdomoni, na kitu hicho hakikuwa na jina. Hakikuwa kichungu wala kikavu. Alikumbuka siku aliyong'olewa jino, daktari akamdunga sindano kwenye ufizi na nusu ya uso wake ikawa si yake. Tofauti ni kwamba sindano ile iliisha kabla ya jua kuzama.

Basi akawa anapunguza. Sahani ikawa nusu sahani, chakula cha jioni kikawa chai, na leso aliyokuwa akijifunga kiunoni ikaanza kumzunguka mpaka ncha zikabaki zinaning'inia. Halafu asubuhi moja Nzilani, jirani yake pale Kalamba, akamkuta ameketi chini kando ya zizi la mbuzi, mkono mmoja umeshika mlango wa zizi.

"Syokau, unafanya nini hapo chini?"

"Nimekaa tu kidogo. Miguu imekataa."

Nzilani hakubishana naye. Alitoa simu kifuani akampigia Mwongeli.

Mwongeli alikuwa binti wa kwanza wa Syokau, ana duka la dawa mjini Wote, mwanamke wa kutembea haraka na kuongea haraka. Alifika siku hiyohiyo na kale kagari kake kadogo keupe, akamkung'uta mama yake vumbi, akamweka kiti cha mbele, na mbuzi wakabaki kwa Nzilani. Hospitalini Syokau alitolewa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha ya kifua. Vyote vikarudi safi. Daktari, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliangalia karatasi halafu akamwangalia yeye.

"Mama hana ugonjwa. Ale tu."

"Umesikia, mwaitu?" Mwongeli akasema. Alimwita mama yake hivyo, kwa Kikamba, hata mbele ya madaktari.

"Nimesikia."

Lakini kusikia na kula ni mambo mawili. Siku zikapita pale nyumbani kwa Mwongeli, ghorofa ya pili, na Syokau akiwa dirishani anaona mawingu yanaanza kujikusanya upande wa vilima vya Nzaui. Watu wa Kalamba walikuwa wameshaanza kupanda kavu, kabla ya mvua. Yeye shamba lake lilikuwa bado na mabua ya msimu uliopita. Na usiku mmoja, mapema tu, sahani zikiwa bado mezani, alimsikia Mwongeli akiongea kwenye simu na kaka zake wa Nairobi kule chumbani. Mbuzi wauzwe. Nyumba ifungwe. Mwaitu akae Wote, atakuwa anafanya nini peke yake kule? Akianguka tena nani atamwona?

Mwongeli alipotoka, Syokau akamwambia, "Nataka kurudi kwangu. Ndengu hazingoji mtu."

"Utarudi ukila."

"Ninakula."

"Mwaitu, usinichezee. Ninaona ukipeleka kijiko juu na kukirudisha na kila kitu." Mwongeli akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakagusana. "Sikiliza. Siku utakayomaliza sahani moja mbele ya macho yangu, sahani moja tu, nitakupeleka Kalamba na mbuzi hawatauzwa. Hao kaka zangu nitaongea nao mimi. Usipomaliza mpaka mvua inyeshe, utakaa hapa. Tumekubaliana?"

Syokau aliangalia yale magoti manne. "Tumekubaliana," akasema.

Mwongeli hakuwa mpishi, na alijua. Alikuwa na sufuria mbili na moja haina mfuniko. Wazo lake lilikuwa kwamba mama amechoka na chakula kilekile alichokula maisha yake yote, na kwamba mahali fulani kuna kitu kitakachomfungua mdomo. Basi kila akifunga duka, au siku msaidizi wake yupo, anamchukua mama yake wanaenda hotelini.

Walianza na hoteli ya Waithera pale karibu na steji. Waithera alikuwa ametoka Murang'a zamani akafungua hoteli Wote, na sasa anaongea Kikamba chenye mwendo wa Kikuyu. Meza zake zilifunikwa karatasi ya plastiki yenye maua, imepigwa misumari pembeni isipeperuke. Syokau aliletewa chapati na nyama ya karanga. Aliiangalia ile chapati. Ilikuwa chapati nzuri, mtu angekosea kusema vingine: imekunjwa ikatoka matabaka, ina madoa ya kahawia kama mgongo wa mbuzi fulani aliyekuwa naye. Mchuzi ulikuwa na macho ya mafuta yanayotembea juu yake, yakikutana yanakuwa jicho moja. Karoti zilikatwa duara. Alimega, akachovya, akatafuna. Alisikia ulaini. Alisikia moto. Zaidi ya hapo hakuna.

"Ikoje?" Mwongeli akauliza.

"Ni laini."

"Tamu?"

"Ni laini," Syokau akarudia, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya chakula cha mtu. Vipande viwili vikaingia, vingine vikabaki.

Wiki iliyofuata wakaenda mahali pa vijana, penye vioo na viti vyekundu, muziki unapiga mpaka glasi zinatetemeka. Walileta viazi vya kukaanga na kuku, vyote ndani ya kikapu kilichotandikwa karatasi, kana kwamba sahani zilikuwa zimeisha. Msichana wa kuhudumia alikuwa na kucha ndefu za buluu, na Syokau alishangaa vile anavyobeba vitu bila kuzivunja.

"Susu, nikuwekee sosi?" akamwuliza, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Weka."

Chupa ikatoa sauti isiyo na adabu, meza ya jirani wakacheka. Yule kuku alikuwa na mifupa laini, ukibonyeza inakubali, kuku ambaye hajawahi kukimbizwa na mtu. Viazi vilikuwa vyekundu vya sosi. Syokau alivila kimoja kimoja, akitafuna kila kimoja mpaka mwisho, huku akihesabia moyoni mabua yanayongoja kung'olewa. Kikapu kilipofika nusu, taya zikachoka.

"Angalau leo umejaribu," Mwongeli akasema.

"Najaribu kila siku," Syokau akajibu. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyetaka ile sahani iishe kuliko yeye.

Wakaenda kwa mama mmoja kutoka Kisumu, anayekaanga samaki nje ya ploti nyuma ya soko. Samaki alikuja mzima na kichwa chake, amelala ubavu juu ya ugali, jicho jeupe limegeuka juu. Kwao, Syokau alipokuwa mtoto, samaki walihesabiwa pamoja na nyoka. Hilo halikumsumbua sasa. Wala hakuogopa wala hakuchukia, na hiyo yenyewe ilimshangaza kidogo, jinsi kitu alichokataa miaka yote kilivyokuwa sawasawa na vile alivyovipenda. Aliutoa mwiba mmoja mrefu kati ya meno akauweka pembeni, akautazama unavyong'aa. Mama wa Kisumu akamwambia avunje kichwa, utamu uko huko. Akavunja. Akanyonya. Akamshukuru.

Mwongeli alipokuwa na semina ya siku moja Kitui, alimbeba mama yake naye, na mchana wakaenda Majengo, kwenye nyumba ya Waislamu wanaopika pilau. Huko mtu anakaa kwenye benchi refu na wengine, na pilau inatoka kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Mchele ulikuwa wa rangi ya udongo wa Kalamba baada ya mvua ya kwanza. Syokau aliutenganisha kwa kidole: hapa mdalasini, gome kabisa, hapa pilipili manga, hapa kiazi kimoja kilichokunywa mchuzi mpaka kikawa kahawia ndani. Jino lake likapasua mbegu ya iliki na masikio yakasikia mlio. Ulimi haukusikia kitu.

"Bibi," mwenye nyumba akamwambia, mama mnene aliyejifunga mtandio wa kijani, "mbona waichokoa tu? Pilau yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, mama. Ni nzuri sana kuiangalia."

"Hee! Pilau ya kuangaliwa!" Yule mama akapiga kofi, akageukia jikoni. "Jamani, leo tumepata mgeni, ala kwa macho!"

Benchi zima likacheka, na Syokau akatabasamu kwa sababu ilikuwa zamu yake kutabasamu. Mwongeli hakucheka. Alimalizia pilau ya mama yake mwenyewe, haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu.

Emali ndipo mambo yalipoharibika. Walienda Jumapili baada ya kanisa, mahali pa nyama choma kando ya barabara ya Mombasa, malori yakipita mpaka soda zinacheza ndani ya chupa. Mbavu za mbuzi zilikuja juu ya ubao, na mchomaji akazikatakata hapohapo, kisu kikigonga ubao kwa mwendo mmoja. Syokau aliona kwa macho kwamba huyu alikuwa mbuzi jike mzee, amezaa mara nyingi; mafuta yake yalikuwa ya njano. Alikula kipande. Akala kingine. Cha tatu kikakaa shavuni. Mwongeli alipogeuka kumsalimia mtu wa Sultan Hamud waliyesoma naye, kile kipande kikatoka shavuni kikaingia kwenye leso ndogo ya mkononi, na vingine vinne vikakifuata moja kwa moja kutoka kwenye ubao, na leso ikaingia kwenye mkoba pamoja na Biblia.

"Mwaitu! Umemaliza?" Mwongeli aligeuka akaona ubao una mifupa na kachumbari tu. Uso wake ukafunguka vile ambavyo haujafunguka tangu mazishi. "Umemaliza kweli?"

Syokau alifungua mdomo aseme ndiyo. Hapo mkoba ukaanza kuloa. Doa la mafuta likatoka pembeni, likashuka kwenye kitambaa cha sketi yake ya kanisani, taratibu, mbele ya wote wawili.

Mwongeli alichukua mkoba, akaitoa Biblia, akaipangusa jalada kwa karatasi ya hoteli, kurasa moja moja zilizoshikana akazitenganisha. Ndani ya gari, wakiwa wamefika karibu na nyumbani, ndipo aliposema, "Afadhali ungekataa tu." Na ndugu zake walipopiga simu jioni ile, hakuingia chumbani. Aliongea palepale sebuleni, mama yake akisikia. "Sawa," alisema. "Tafuteni mnunuzi wa mbuzi. Sawa."

Upepo ulikuwa umeshageuka. Watu wenye kujua walisema mvua haitapita Alhamisi.

Siku ya soko, Mwongeli alimpeleka kwa Waithera kwa sababu tu saa ya mchana ilifika na hoteli ilikuwa njiani. Hakuwa na habari tena ya sahani. Hoteli ilijaa. Wakulima wameleta maembe ya kwanza, kuna mifuko mlangoni, kuna kuku wamefungwa miguu chini ya meza. Mahali palipobaki palikuwa kwenye meza ya mzee mmoja aliyekaa peke yake, kofia yake ya manyoya ameiweka kwenye goti.

"Tunaweza kukaa, mzee?" Mwongeli akauliza.

"Kaeni. Meza si yangu."

Aliitwa Mbuvi, mwendesha bodaboda mmoja alipita akamsalimia kwa jina. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa, na shati lake lilikuwa na vifungo vyote isipokuwa kimoja. Syokau alikiona kile kilichokosekana, cha pili kutoka juu. Mwongeli akaagiza ndengu mbili na chapati, akaenda nyuma kunawa mikono kwenye mtungi, ambako kulikuwa na foleni.

Shiko, binti wa Waithera anayehudumia, akafika na sinia. "Matumbo na ugali, ya mzee. Ndengu zinakuja, susu, ngoja kidogo." Akaiweka sahani ya Mzee Mbuvi katikati ya meza, kwa sababu ya haraka, karibu zaidi na Syokau kuliko mwenyewe.

Mzee akavua saa yake ya mkono kabla ya kula. Aliiweka kando ya chumvi, akangoja.

Labda ilikuwa ile saa. Ndululu naye alikuwa akivua. Syokau hakufikiria jambo lolote. Mkono wake wa kulia ulinyooka, ukamega tonge kwenye ule ugali, ukalibonyeza shimo kwa kidole gumba, ukalichovya kwenye mchuzi wa matumbo na kubeba kipande, ukalitia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Kisha akaisukuma sahani kwa vidole viwili mpaka mbele ya mzee, akamwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya nyumbani, "Ya." Yaani, kula.

Ukambani anayempa mtu chakula au kinywaji huonja yeye kwanza, huyo mwingine akiona. Zamani watu waliogopa kutiliwa dawa. Siku hizi wanasema hawaogopi, ni heshima tu. Mama mkwe wake Syokau alimfundisha wiki ya kwanza ya ndoa, na tangu hapo Ndululu hakuwahi kugusa sahani ambayo mkewe hajaionja mbele yake. Waliokoka wote wawili, wakaimba kwaya, Ndululu akawa mzee wa kanisa, na bado kila mchana na kila jioni tonge la kwanza lilikuwa la Syokau. Hata hospitalini. Uji wa mwisho aliuonja yeye, kijiko kimoja, akageuka kumpa.

Lakini Mzee Mbuvi hakuwa mume wake, na mwanamke usiyemjua anapotia mkono kwenye sahani yako siku ya soko, hapo si heshima tena.

"Mama." Mzee alirudisha kiti nyuma. "Umetia nini kwa chakula changu?"

Syokau aliiangalia sahani, akauangalia mkono wake wenye mchuzi. "Nimeonja," akasema.

"Nani amekutuma kuonja?"

"Hakuna."

"Hakuna! Mtu hajatumwa, simjui, hanijui, anatia mkono kwa sahani yangu!" Sauti ya mzee ilipanda, na meza za karibu zikamgeukia. "Nimetoka nyumbani mzima, mimi!"

"Mzee, shukuru Mungu!" yule wa bodaboda akapiga kelele kutoka mlangoni. "Umeoa leo bila mbuzi hata mmoja!"

Hoteli ikaangua kicheko. Mtu mwingine akasema mahari itolewe hata kuku, si kuku wako hapo chini ya meza. Mzee Mbuvi hakucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nyinyi chekeni. Nikifa mtacheka pia."

Waithera akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kufa wapi? Hapa kwangu hakuna sumu! Mzee, usiniharibie jina mbele ya watu. Wewe mama, ni nini hii?"

"Nimekosea," Syokau akasema.

"Kama hakuna kitu," Mzee Mbuvi akasema, akaisukuma ile sahani irudi ilikotoka, "aile. Aile yote, nikiona. Hapo nitajua."

Syokau alivuta sahani. Hakuona aibu, wala hakukasirika. Lilikuwa ombi la haki, kwa vile alivyojua haki. Mtu akishuku chakula, mwenye kukigusa anakula. Akamega tonge la pili. Matumbo yalikuwa yamesafishwa vizuri, meusi kidogo upande mmoja, yenye mikunjo kama taulo. Yalikuwa na dania juu. Alikula akimtazama mzee, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, anayekula amtazame anayeshuku. Tonge baada ya tonge. Kuku chini ya meza walikuwa wananong'ona.

Ilikuwa kama nusu ya sahani aliposikia, nyuma ya kichwa, kitu kimesimama. Akageuka. Mwongeli alikuwa amesimama mlango wa nyuma, mikono inatona maji, ametazama.

Hapo tu ndipo Syokau alipokumbuka yale makubaliano.

"Basi, mama," Mzee Mbuvi akasema, polepole. Sauti ilikuwa imemshuka. "Inatosha. Nimeona."

Syokau akaendelea.

"Mama, nimesema inatosha. Nimeamini."

"Ngoja nimalize," Syokau akasema.

Akala mpaka ugali ukaisha. Akakusanya mchuzi uliobaki kwa kidole, akailaza sahani upande ili kila mtu aione. Taya zilimuuma. Tumbo lilikuwa zito kama gunia lililowekwa mahali pasipo pake. Kuhusu ladha hakuwa na neno la kumwambia mtu yeyote.

Shiko alileta sahani nyingine ya matumbo, moto kabisa, Waithera akasema hii ni zawadi yake kwa mzee. Watu wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mzee Mbuvi alivaa kofia, akaivua. Aliitazama ile sahani mpya, kisha akamtazama Syokau, na akakaa hivyo, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja jambo ambalo haliwezi kuombwa. Syokau naye aliifunga mikono yake ndani ya leso. Alikuwa ameshajifunza.

"Hata njaa imeniisha," mzee akasema mwishowe. Akachukua saa yake, akainuka. "Mwambieni Waithera asikasirike." Akatoka akipita katikati ya mifuko ya maembe.

Mwongeli akakaa mahali pa mzee. Hawakugusa ndengu zao.

"Hiyo haihesabiki," akasema. "Umekula kwa kulazimishwa."

"Na zile zingine nilikuwa nakula kwa nini?"

Mwongeli aliokota karatasi akapangusa mchuzi mezani.

"Ulisema sahani moja," Syokau akasema. "Mbele ya macho yako. Hukusema niisikie tamu. Siisikii, Mwongeli. Hata ukinipeleka Mombasa. Labda itarudi, labda hairudi. Lakini kula ninaweza, umeona. Nitakula kama ninavyofagia. Nipeleke leo, nipande."

Mwongeli akapiga simu Nairobi palepale mezani. "Achaneni na mnunuzi," alisema. "Ndiyo. Amekula. Nimeona mimi, na Wote nzima imeona." Shiko akaja akauliza afanye nini na matumbo ya mzee. "Nifungie," Mwongeli akasema.

Walipopita Matiliku, Mwongeli akauliza bila kugeuza kichwa, "Ulikuwa unamwonjea baba?"

"Kila siku."

"Nilikuwa naona. Nilidhani unaangalia chumvi."

"Na chumvi pia."

Kalamba walikuta Nzilani amesimama kwenye njia na mbuzi wote, akiwahesabu kwa sauti na kumwambia yule mweupe amekuwa mwizi. Syokau alishuka. Akashika mbuzi mmoja mmoja masikio, akaangalia kwato, akaingia shambani akang'oa bua moja kuona udongo ukoje. Ulikuwa mkavu mpaka chini, lakini upepo ulikuwa na baridi ya mvua. Nzilani alisema kesho atakuja na jembe lake, na mume wake atakuja na ng'ombe.

Aliporudi uani, mlango wa gari ulikuwa wazi. Mwongeli alikuwa amekaa pembeni ya kiti, miguu iko nje mchangani, ile karatasi ya hoteli imefunguliwa mapajani. Alikuwa anakula matumbo ya Mzee Mbuvi yaliyopoa, kwa mikono, bila kunawa. Analia. Machozi yanashuka, kamasi inashuka, na yeye anatafuna, anameza, anamega tena. Pale kaburini siku ya mazishi alikuwa ndiye anayeelekeza watu wapi pa kuegesha magari.

Syokau alisimama na bua mkononi. Aliona kwamba mahali hapa mama wa mtu angefanya kitu. Alingoja kama hicho kitu kitamjia, na hakikuja. Mafuta ya matumbo yaliyopoa yalikuwa yameganda meupe kwenye karatasi, na hayo yakipoa hivyo hayafai, yanamkamata mtu tumbo.

"Mwongeli," akamwita. "Usiyale baridi. Lete niyapashe."

Akavunja lile bua juu ya goti, akaingia nalo jikoni kuwasha moto.